Tubu Mbili za Silikoni

5 Februari 1989

Binti yangu Spana,

Sisi huku wazima, isipokuwa sebule. Sebule ni mahututi. Injini ya lori nimeishusha na kuifungua yote, na sasa bloku limekaa pale lilipokuwa kochi la wageni. Pistoni ziko chini ya meza, nimezifunika shuka, na hedi iko juu ya kabati la vyombo. Tangu hapo mama yako ananijibu kwa neno moja moja. Barua hii anaiandika yeye kwa sababu mikono yangu imejaa grisi, na ungeuona uso wake ungenionea huruma.

(Ni kabati la harusi yangu, mwanangu. Naandika anavyosema, lakini kalamu iko mkononi mwangu. Mama.)

Injini ilikuwa inakula oili. Utingo wangu, ambaye siku hizi ndiye anayeshika usukani nami nakaa pembeni kama bosi, alisema bado ina nguvu, tuiache. Nikasema hapana, tuifungue. Krenki nimeipeleka kwa fundi wa kukereza, imerudi inang'aa. Nimenunua beringi, ringi, sili na seti nzima ya gasketi. Sasa nimefika kwenye kufunga, na hapo ndipo ninapokutafuta wewe.

Gasketi ya sampu, ya kufungia hilo bakuli la oili la chini, haimo kwenye seti. Muuza vipuri anasema sampu za injini hizi siku hizi haziwekwi gasketi, zinapakwa silikoni ya tubu, inakauka yenyewe na kuwa mpira. Mimi nimezoea gasketi ya koki, unaishika mkononi unajua umeshika nini. Hii ya kukamua kama dawa ya meno sijawahi. Ninyi kwenye gereji kubwa mnaifanyaje? Ningekupigia simu, lakini simu ya dukani wateja wote hutega masikio, na sitaki wasikie dereva mzima na mvi zake anauliza namna ya kufunga sampu.

Mwezi ujao tunaanza kubeba saruji ya kiwanda kipya. Mkataba tumeupata. Gari lisipokuwa barabarani siku hiyo wanampa mtu mwingine, na kwa umri huu sidhani kama nitaitwa tena mahali.

Likizo yako ni lini?

Baba yako


14 Februari 1989

Baba, shikamoo. Shikamoo mama, na pole kwa kabati.

Barua yenu nimeisomea kwenye benchi la gereji, nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni. Baba, nimefurahi kuulizwa. Sikutegemea. Tangu siku ile barabarani, nilipokunyang'anya spana mbele ya madereva wenzako na kufungua upya kazi uliyokwisha kuifunga, nilijua hutanihusisha tena na injini yako. Uliondoka ukaenda kunywa chai kibandani, ukaimaliza, ukaagiza nyingine. Mimi nilibaki chini ya gari nikitamani ardhi inimeze. Naomba tuyaache hayo.

Kuhusu silikoni. Kwanza futa midomo yote miwili, wa bloku na wa sampu, mpaka isibaki hata alama ya oili. Sisi tunatumia petroli na kitambaa kisichoacha nyuzi. Kisha unapaka silikoni kwenye mdomo wa sampu, mstari mmoja usiokatika, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Pandisha sampu silikoni ikiwa bado mbichi. Bolti zifunge kwa mkono kwanza, uiache itulie, ndipo ukaze kwa spana kuanzia katikati kwenda pembeni. Siku hiyo usitie oili. Iache ilale ikauke.

Kiasi cha kupaka sikufundishi, baba. Mkono wako unakijua wenyewe.

Likizo kwa sasa ni ngumu. Mkuu wa gereji amesafiri na funguo ameniachia mimi. Hakuna mwanamke aliyewahi kuachiwa funguo hapa, na wapo wanaosubiri nikosee ili wapate la kusema. Nitajaribu mwishoni mwa mwezi wa tatu.

Binti yako


26 Februari 1989

Spana,

Marahaba. Hayo ya barabarani unayakumbuka wewe, mimi nakumbuka chai ilikuwa tamu.

Kazi inaendelea vizuri. Krenki imelala mahali pake na inazunguka kwa kidole kimoja. Pistoni zote zimeingia. Kofia za beringi zina namba, mama yako ananisomea namba, mimi naweka. Amekuwa utingo mzuri, tatizo lake ni mdomo. Jana amenipa konrodi kichwa chini, nikamwambia, akasema kwani hicho chuma kina kichwa? Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Hedi nimeikaza kwa spana ya vipimo niliyoazima, mzunguko kwa mzunguko, kama nilivyokufundisha ulipokuwa mdogo unakalia tairi la akiba. Siku hizo ulikuwa unataka kukaza mwenyewe mpaka unalia. Unakumbuka?

Imebaki sampu. Sampu sijaifunga. Maelekezo yako nimesomewa na nimeyashika yote, hata usingizini naweza kuyasema. Ila nimeona niiache kwanza. Haina haraka sana. Injini nimeigeuza tumbo juu, nimeifunika shuka safi, na mtu akija anaweza kuanza kazi bila kuhangaika kutafuta chochote. Spana nimezipanga. Petroli ipo.

Mwisho wa mwezi wa tatu ni mbali kidogo, lakini wewe una kazi, naelewa.

Baba yako

(Mwanangu, njoo. Siongezi neno, nimekatazwa. Mama.)


7 Machi 1989

Baba na mama, shikamooni.

Mama, hayo maneno yako ya mwisho nimeyaelewa vizuri: unataka sebule yako. Una haki. Baba, mwonee huruma mwenzako, mtoe hilo dude ndani. Na hiyo grisi mpaka leo haijatoka? Sabuni ya unga na mchanga kidogo, unasugua, inatoka yote. Au umependa kuandikiwa kama mkurugenzi?

Nimeuliza tena ruhusa. Nimejibiwa kwamba mtu mwenye funguo haondoki. Sikubishana, nilitaka wanione mtu wa kazi.

Usiningoje, baba. Saruji haitakungoja na mimi sitaki niwe sababu ya gari kulala. Umefunga injini ukiwa peke yako porini, mvua inanyesha, utingo analia. Sampu ni nini kwako?

Nimempa kondakta wa basi kifurushi. Ndani mna silikoni ile tunayotumia sisi hapa, inayovumilia joto la oili. Nimekutumia tubu mbili. Usibane mkono.

Binti yako


16 Machi 1989

Spana,

Kifurushi kimefika. Haya, nimefunga.

Nimefuta kwa petroli, nimepaka, nimefunga kwa mkono, nimengoja, nimekaza kutoka katikati, nimeacha ikalala. Tubu zote mbili nimezimaliza. Ulipotuma mbili nilijua kazi yake ni ya tubu mbili, nikasema nisiwe mkaidi, nifanye wanavyofanya wenye ujuzi wa sasa.

Juzi wametusaidia vijana wa mtaani kuirudisha kwenye gari. Utingo akapiga stata. Imekohoa kidogo, ikashika. Nilikuwa nimeweka kiganja juu ya kifuniko cha hedi. Ilikuwa inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Hakuna tone lililovuja, utingo amelala chini ya gari na tochi amekagua, pakavu. Mama yako amelia, eti ni moshi.

Wiki ijayo tunaanza saruji. Kila anayeniuliza nani amefunga injini hii namwambia, mimi nilikuwa nakaza bolti tu, fundi yuko mbali.

Asante, mwanangu. Ningependa ungekuwepo, lakini imekwenda vizuri.

Baba yako


27 Machi 1989

Baba,

Lori lisitembee. Likiwa barabarani, likirudi lisiondoke tena.

Nilikwenda kuvuta gari lililoharibika, siku zimepita, nimerudi leo ndio naikuta barua yako mezani. Nimepiga simu dukani, inaita tu. Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, anifikishie mpaka mlangoni kwenu.

Tubu moja inafunga sampu hiyo na nyingine inabaki. Kinachotakiwa ni uzi mwembamba, unene wa njiti ya kiberiti. Ikizidi, ukikaza bolti, ile ya ziada inajikamulia ndani ya injini. Nje unaona pakavu, unafurahi. Ndani inakauka ikining'inia, oili ya moto inaikatakata, vipande vinavutwa mpaka kwenye chujio la pampu na kuliziba. Injini inabaki na oili tele chini, na juu haipati hata tone.

Mwambie utingo amwage oili, ashushe sampu, asafishe chujio. Ni kazi ya asubuhi moja. Baba, tafadhali. Taa ya oili ikiwaka, hata kwa kupepesa, zimeni injini hapo hapo mlipo.

Binti yako


2 Aprili 1989

Mwanangu,

Leo naandika mwenyewe, baba yako amelala. Hakuna aliyeumia, nikutoe wasiwasi kwanza.

Barua yako ya dereva wa basi imefika Jumatano. Gari lilikufa Jumanne.

Walikuwa wanapanda mlima na saruji. Utingo ndiye aliyenisimulia. Anasema aliona taa nyekundu ya oili, akamwambia, mzee, taa imewaka. Baba yako akamjibu, taa za gari hili zinadanganya tangu lilipokuwa jipya, na injini hii imefungwa kwa maelekezo ya binti yangu, twende. Wakaenda. Mlio ukabadilika, baba yako akasikia, akasema zima, akawa amechelewa. Konrodi imevunjika ikatoboa bloku, oili yote ikamwagika barabarani. Saruji ilihamishiwa lori la mtu mwingine siku hiyo hiyo, na mtu huyo ndiye anayebeba mpaka sasa.

Waliposhusha sampu, utingo alimtolea baba yako chujio akampa mkononi. Limejaa vinyuzi vya mpira. Amekuwa akilipapasa tangu siku hiyo, ukimsemesha anaitika tu.

Sasa hili la pili, nililokatazwa. Nimekatazwa vya kutosha.

Mkono wenye grisi hunawa, mwanangu. Wewe mwenyewe uliandika hivyo, kwa utani, nami nikamsomea nikatamani kutupa karatasi. Baba yako haoni. Daktari amesema ni presha ya macho, na uoni uliokwisha kupotea haurudi. Huko pembeni kote ni giza, katikati alikuwa amebakiwa na nafasi ndogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ndiyo maana alimpa utingo usukani, na ndiyo maana naandika mimi. Ile injini ameifunga kwa vidole na kwa macho yangu, na mimi, unanijua, siwezi kutofautisha nati na kifungo cha shati.

Siku ya sampu nilimshikia tochi. Tochi ya nini sijui, kwani aliyekuwa anaona ni mimi. Ile silikoni ilikuwa nene kama kidole, ilikuwa inajaa mpaka kwenye matundu. Nikamwambia, baba watoto, hii inafurika. Akapitisha kidole taratibu, akazunguka nacho mpaka mwisho, akasema, hata mimi naona ni nyingi. Nikasema basi tuipunguze. Akasema, ametuma mbili, mara hii sibishani naye.

Nikaendelea kumshikia tochi. Ningejua ningeifuta kwa kanga yangu.

Mama yako


10 Aprili 1989

Mama, msomee baba barua hii polepole na usiruke kitu, hata kama utaona aibu kwa niaba yangu.

Baba, shikamoo.

Kiasi nilikijua. Hata ile barua ya kwanza nilikuwa nimekwisha kuandika "unene wa njiti ya kiberiti", nikaichana, nikaanza upya. Niliona kama nakunyang'anya spana kwa mara ya pili. Nikaandika kwamba mkono wako unakijua wenyewe. Yalikuwa maneno mazuri, nikayafurahia. Na tubu ya pili niliiongeza kwa sababu tubu moja, nikiitazama ndani ya kifurushi, niliiona ndogo, kama zawadi ya mtoto bahili. Hakuna fundi mwanafunzi hapa gereji ambaye ningempa maelekezo ya namna hiyo. Ningemwambia kiasi, ningemwonyesha, akizidisha ningemfokea. Wewe nilikustahi, nikakuacha gizani.

Na mama akasema njoo, nami nikadhani ni habari ya sebule. Baba akaniambia spana amezipanga na petroli ipo. Ni mtu gani anasoma maneno hayo na haelewi? Mimi nilikuwa nalinda funguo. Mkuu amerudi, amezichukua, amesema asante.

Bloku lenye tundu halifai, lakini naweza kutafuta bloku jingine kwenye magari yaliyokufa hapa uani kwetu. Krenki pengine itakerezwa tena. Niambie tu ndiyo, nitakuja na vyombo vyangu, nitafunga yote mwenyewe, gari litarudi barabarani.

Kwa nini hukuniambia habari ya macho? Ningekuja siku hiyo hiyo.

Spana


19 Aprili 1989

Spana,

Mama yako amesoma yote na hakuruka, ila alisimama mara kwa mara akidai kikohozi.

Usitafute bloku. Gari nimeliuza. Limeondoka likivutwa, nimesimama mlangoni nikasikia minyororo mpaka ilipokata kona. Mnunuzi ataweka injini yake, ile yetu hakuitaka. Imerudi sebuleni. Ajabu ni kwamba mama yako ndiye aliyewaambia waiingize ndani.

(Ingekuwa nje ingenyeshewa. Mama.)

Kuhusu silikoni acha kujitesa. Kidole changu kiliniambia, mama yako akaniambia, taa ikaniambia. Wote watatu niliwakatalia. Nilikuwa na furaha ya kukutii, na nilikuwa sijaipata siku nyingi.

Umeuliza kwa nini sikukuambia habari ya macho. Nitakujibu, kisha tusiulizane tena.

Gari lilikuwa linakula oili kidogo tu. Utingo alisema kweli, lingekwenda mwaka mzima bila kufunguliwa. Hospitali waliponiambia kwamba uoni uliobaki nao utakwenda, nilirudi nikaenda kukaa ndani ya gari, nikajiuliza ni kitu gani ninataka kukiona kabla hapajafungwa. Nikakuona wewe. Siku ile barabarani uliponinyang'anya spana, sikukutazama ukifanya kazi. Nilitazama kikombe. Madereva waliniambia baadaye kwamba ulifunga vizuri, kwamba mkono wako haubabaiki, wakanisifia kama vile ni mimi. Nikaitikia, na sikuwa nimeona kitu. Binti yangu ni fundi, na mimi sijawahi kumtazama akifunga injini hata moja.

Ndiyo maana nikaifungua. Ningekuambia habari ya macho, ungekuja kuniuguza, ungenishika mkono na kunipeleka uani. Nilitaka uje kufunga injini, nami nikae kwenye kiti karibu, nikutazame kupitia hicho kitundu kilichobaki. Sampu niliiacha kwa ajili hiyo. Nilipoona huji na saruji inakaribia, ndipo nikaipaka.

Sasa naona mwanga wa dirisha, na mtu akipita mbele yake najua kuna mtu amepita. Dawa natia kila siku, mama yako ananisimamia kama askari.

Ile injini haitawaka tena, hilo unalijua kuliko mimi. Lakini imekaa tumbo juu kama siku zile nilipokungoja, sampu nimeiosha, na spana nimezipanga tena, ndogo mpaka kubwa, nimezipanga kwa kuzipapasa. Funga hata kama haiendi popote. Nitakaa karibu nikusikilize. Uje na tubu moja.

(Maneno ya chini ameyaandika mwenyewe, amekataa nimshike mkono. Yamepandana, yasome taratibu. Mama.)

Spana mwanangu
njoo hivyo hivyo

Baba